Jua Haki Zako: Watoto wa Visiwani Wakienda Kuishi Marekani

Familia ya Kizingitini ikipata njia ya kwenda Marekani, safari yake haianzii kwenye ndege. Huanza kwa boti hadi Lamu, kisha Mokowe, kisha basi la Mombasa mpaka jengo la Uhuru na Kazi kupeleka karatasi za pasipoti, watoto wakiwa mgongoni. Baadaye ni Nairobi, ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri. Kila hatua ina nauli yake, malazi yake na siku za kazi zilizopotea. Mtoto mmoja tu ambaye jina la baba yake limeandikwa vingine kwenye cheti cha kuzaliwa aweza kuirudisha nyumba nzima hadi Lamu, ianze upya.

Ndiyo maana nataka tuanzie huku nyumbani kabla ya kufika Ohio au Minnesota. Mtoto ana haki zake mwenyewe. Hazitoki kwenye viza ya baba wala kwenye ndoa ya mama, na baba akikosea, kosa hilo si la mtoto. Lakini ng'ambo haki hizo husomwa kwenye karatasi, na karatasi iliyo na ila huku haitapata wa kuitengeneza kule.

Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu anapozaliwa. Aliyezaliwa hospitali ya King Fahd, hospitali ndiyo hujaza taarifa ya uzazi. Aliyezaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga, kama wanavyozaliwa wengi Pate, Ndau na Kiwayu, taarifa yake huandikwa na naibu wa chifu. Afadhali jambo hili limalizwe ndani ya miezi sita, kwa kuwa baada ya hapo usajili huhesabiwa umechelewa na utaombwa ushahidi zaidi. Kuchelewa hakumfutii mtoto haki yake. Kunamwongezea mzazi safari. Mama aliyezaa nje ya ndoa naye asikubali kuambiwa kwamba mahali pa jina la baba lazima paachwe na alama tu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria ya usajili kilichoruhusu hayo kinapingana na Katiba.

Najua Wabajuni wanaonisoma watasema: cheti tunacho, kitambulisho ndicho kigumu. Ni kweli. Mzazi asiye na kitambulisho hukwama hata kumwombea mwanawe pasipoti, na kwa miaka mingi vijana wa Faza na Kiunga wameitwa mbele ya kamati za kupiga msasa, wakaulizwa habari za babu na nyanya ambazo kijana wa Nyeri haulizwi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini agizo la kuondoa msasa huo kwa wakazi wa kaunti za mpakani, na Lamu inapakana na Somalia. Ukiambiwa kamati ingali inakaa, uliza agizo hilo limefikia wapi, kisha uombe sababu ya kukataliwa kwako kwa maandishi. Hiyo ni haki yako chini ya Ibara ya 47, na karatasi hiyo ndiyo itakayompa nguvu wakili wa mashirika ya haki kama MUHURI au Kituo Cha Sheria kule Mombasa, au Ofisi ya Ombudsman. Tusisahau pia kwamba Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliikuta Kenya na hatia katika kesi ya watoto wa Kinubi, kwa kuwaacha watoto waliozaliwa nchini bila uhakika wa uraia mpaka wafike miaka 18. Kesi ile ilikuwa ya Wanubi. Hoja yake yatosha kabisa kutumika Kiunga.

Sasa majina. Mtoto wa Kiislamu wa Lamu hubeba jina lake, la baba na la babu, na mama yake habadili jina anapoolewa. Nyumba moja ya watu watano yaweza kuwa na majina matatu ya mwisho, na afisa wa Marekani aliyezoea familia kuitwa kwa jina moja atauliza: huyu ni mwanao kweli? Ana haki ya kuuliza, ila hakuna sheria inayolazimisha mama na mwana wawe na jina moja. Jibu lake ni cheti cha kuzaliwa kinachomtaja mama kwa jina lile lile lililomo kwenye pasipoti yake. Shida huja pale mama anapokuwa Fatma kwenye kitambulisho, Fatuma kwenye cheti cha mtoto, na Fatma binti fulani kwenye cheti cha nikahi. Kila mtu mtaani anajua ni mmoja, lakini kompyuta ya ubalozi inaona watatu. Nawasihi wazazi: kaeni chini siku moja, mtandaze karatasi zote sakafuni, mlinganishe herufi kwa herufi, na penye tofauti mwende kwa msajili kurekebisha kabla ya kuomba pasipoti. Wala msimwachie kijana wa saiba aamue tahajia ya jina la mtoto wenu.

Nikahi nayo ina karatasi yake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za Kiislamu na inataka zisajiliwe. Waliooana miaka kumi iliyopita kwa mashahidi na kahawa tu, bila cheti, waende ofisi ya kadhi. Waliotalikiana kwa maneno nao waiandikishe talaka, maana kwa Marekani talaka isiyo na hati haijatokea, na mke wa sasa atahesabiwa si mke.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo huvunja familia nyingi kuliko kunyimwa viza, nalo ni kuficha mtoto. Wengi wa pwani wamejaribu bahati yao kupitia loteri ya gerini kadi, mpango uliotokana na sheria ya Marekani ya 1990. Desemba 2025 serikali ya huko ilitangaza kuusimamisha kwa muda, kwa hiyo yeyote anayekuja uwanja wa Mkunguni, Lamu, leo akidai ana mlango wa ndani wa loteri anawinda pesa zako. Lakini kanuni yake moja ni ya kukaririwa. Mwombaji lazima awataje mke au mume wake na watoto wake wote walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, wawe wanaishi naye au hawaishi naye, wawe watasafiri au hawatasafiri. Mtoto wa mke uliyemwacha Siyu ni mtoto wako, na mtoto wa mke wa pili ni mtoto wako. Ukimwacha nje ya fomu kwa kuogopa maswali, aliyeshinda hupoteza ushindi, na familia yote pamoja naye.

Kuhusu wake wawili, niseme waziwazi. Dini inaruhusu na sheria ya Kenya inatambua, lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani inamtambua mke mmoja tu, yule wa ndoa ya kwanza iliyo hai, na inamzuia anayekwenda kuishi kule kwa ndoa ya wake wengi. Mume hawezi kumpeleka mke wa pili kama mke. Wapo wanaoshauriwa kumwacha mke wa kwanza kwenye karatasi ili wa pili apande ndege. Ushauri huo humwacha mwanamke mmoja bila matunzo na huwatia watoto wake kwenye mzozo ambao hawakuutaka. Watoto wenyewe, wa mke yeyote, wana haki ya kuombewa na baba yao.

Halafu yuko mtoto wa kulea. Visiwani hatumwiti yatima mtoto mwenye shangazi. Binti wa marehemu dada yako amekulia mkononi mwako tangu hajaota meno, anakuita mama, na hajui nyumba nyingine. Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala kuwa njia halali ya malezi kwa Waislamu. Marekani haiitambui kafala kuwa sawa na kumwasili mtoto kisheria, na kwa macho ya uhamiaji wao binti huyo ni mpwa, na mpwa haombewi viza kama mtoto. Jambo hili linauma, na linauma zaidi likijulikana siku ya mahojiano. Muulizeni wakili mapema, mwaka au miaka kabla, kwa sababu wao hutaka hukumu ya mahakama ya kumwasili iliyotolewa kabla mtoto hajafika miaka 16, na miaka miwili ya kuishi naye chini ya malezi ya kisheria.

Na mtoto atakayebaki kwa nyanya, msimwache kwa baraka za mdomo. Ombeni nyanya ateuliwe kuwa mlezi wa kisheria, au angalau mwandike hati ya kiapo mbele ya wakili. Siku mtoto atakapohitaji kupasuliwa, au kupewa pasipoti ili awafuate, ni saini ya nani itakayokubalika? Vivyo hivyo mzazi mmoja akisafiri na mtoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenziwe iliyoapwa kwa wakili. Ibara ya 53 inawapa baba na mama wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au la, na afisa wa mpakani anaijua hofu ya mtoto kuibwa.

Kabla ya kuvuka, neno moja juu ya mawakala. Wazazi wa Uasin Gishu walilipa mamilioni ili watoto wao wakasome Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti yenyewe, na wengi hawakuona ndege. Kama mpango uliobeba jina la serikali uliwafikisha pale, mtu mwenye simu mbili na bahasha ya kaki hastahili hati ya shamba lako. Wakala wa kazi za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na una haki ya kuuliza huko kabla ya kutoa shilingi.

Sasa mmefika. Angalieni tarehe iliyoandikwa kwenye rekodi ya kuingia, ile wanayoiita I-94, maana hiyo ndiyo inayohesabu siku zenu. Tarehe ya viza ni ya kuingilia tu. Mtu mzima akipitisha zaidi ya siku 180 bila ruhusa kisha akatoka, hufungiwa miaka mitatu; akipitisha mwaka mmoja au zaidi, miaka kumi. Ila siku hizo hazihesabiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kijana aliyepelekwa akiwa na miaka sita asiambiwe kwamba amefungiwa mlango kwa makosa ya wazazi. Na mkihama nyumba, asiye raia ana siku kumi za kuiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya, watoto wakiwemo.

Shule ndiyo haki ambayo ningependa kila mzazi wa Lamu aishike kwa mikono miwili. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma ya bure kwa sababu hana hati za uhamiaji. Shule yaweza kuuliza umri wa mtoto, anwani yenu na chanjo zake, kwa hiyo kile kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto msikiache nyumbani. Haiwezi kushikilia kwamba bila viza au namba ya hifadhi ya jamii mtoto hasomi. Mtoto asiyejua Kiingereza ana haki ya kusaidiwa aelewe masomo. Hilo lilithibitishwa mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyoletwa na watoto wa Kichina wa San Francisco. Na mama asiyejua Kiingereza ana haki ya kupata mkalimani kwenye mambo muhimu ya shule. Msimfanye mtoto wa miaka tisa awe mkalimani wa kikao kinachozungumzia tabia yake mwenyewe.

Ushungi? Mwaka 2003 shule ya Muskogee, Oklahoma, ilimsimamisha msichana wa Kiislamu, Nashala Hearn, kwa kuvaa ushungi. Familia ilikwenda mahakamani, Wizara ya Sheria ya Marekani ikasimama upande wake, na mwaka 2004 shule ikakubali avae. Mtoto aweza pia kuswali wakati wake wa mapumziko. Chakula halali ni jambo la kuomba kwa upole. Sheria ya nchi nzima haiilazimishi shule kukipika.

Lakini haki ya mtoto kupokelewa shuleni haiipi viza yenu ruhusa isiyokuwemo. Aliyeingia kwa viza ya matembezi akaandikishwa shule, shule haitamfukuza, ila masharti ya viza yamevunjwa na yatamngoja mbele. Anayesoma chuo kwa viza ya F-1, watoto wake hupata F-2 na huruhusiwa kusoma shule za msingi na sekondari bila tatizo; mke au mume wake haruhusiwi kufanya kazi. Na wanaotaka kumtuma mtoto peke yake akaishi na mjomba mjini Columbus na kusoma shule ya serikali, wajue kwamba kwa viza ya mwanafunzi shule ya msingi ya umma hairuhusiwi, na sekondari ya umma ni miezi 12 tu, kwa kulipa gharama yote.

Nyumbani nako sheria inaingia. Kwetu mtoto wa miaka saba huzurura Langoni, mjini Lamu, hadi magharibi na mtaa mzima unamtazama. Kule jirani akimwona peke yake aweza kupiga simu, na mwalimu au daktari akiona alama ya fimbo analazimika kisheria kuripoti. Msiseme ni mambo ya Kizungu; Ibara ya 29 ya Katiba yetu pia inakataza adhabu ya viboko. Maafisa wa ustawi wa watoto wakija, mna haki ya mkalimani, ya kujua mnatuhumiwa nini, na ya wakili kabla ya kutia saini chochote. Tena, kwa wanaotoka mji wa punda na mashua: majimbo yote 50 yanataka mtoto mdogo afungwe kwenye kiti chake maalumu ndani ya gari. Kumpakata ni kosa, na ni hatari. Mtoto akizidiwa usiku, mpelekeni hospitali. Sheria ya 1986 inailazimisha idara ya dharura kumpima na kumtuliza kwanza, awe na bima au hana.

Mzazi akikamatwa, ana haki ya kunyamaza na ya kuomba wakili. Maafisa wa ICE, idara inayokamata wahamiaji, wakigonga mlango, ana haki ya kutaka aonyeshwe hati iliyotiwa saini na jaji kabla ya kuufungua. Mahakama ya uhamiaji hailazimiki kumlipia mtu wakili, hata akiwa mtoto, kwa hiyo namba ya wakili iwe mfukoni mapema. Chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963 aliyekamatwa ana haki ya kutaka ubalozi wa Kenya uarifiwe, ila aombe mwenyewe. Tangu Januari 2025 kinga ya zamani iliyowazuia maafisa kufanya misako shuleni na hospitalini imeondolewa. Andikeni shuleni jina la ndugu atakayemchukua mtoto mkikosekana, na hati ya malezi ya dharura iwe tayari kabatini.

Akizaliwa mtoto kule? Rais Donald Trump alitoa amri 20 Januari 2025 ya kuwanyima uraia watoto wa wazazi walio na viza za muda au wasio na hati. Mahakama zikaizuia, na mabishano yakafika Mahakama ya Juu. Mama mjamzito amuulize wakili hali ilivyo wakati wake. Upande wa Kenya hauna mabishano: Ibara ya 14 inamfanya raia kwa kuzaliwa yeyote ambaye mama au baba yake ni Mkenya, popote alipozaliwa. Inawahusu hata waliozaliwa kabla ya 2010, wakati ule mama Mkenya alipokuwa hawezi kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje. Mwandikisheni mtoto kwenye ubalozi wa Washington au ubalozi mdogo wa Los Angeles. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine, na baba aliyeupoteza kabla ya 2010 aweza kuuomba tena chini ya ibara hiyo hiyo. Ila uraia wa pili sharti utangazwe kwa Idara ya Uhamiaji ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Kutoutangaza ni kosa la jinai, na ni wachache wanaoambiwa hivyo.

Mtoto aliyezaliwa kule akija likizo wakati wa Maulidi, aje na pasipoti ya Kenya. Akiwa na ya Marekani peke yake ataombwa ile idhini ya kusafiri iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, kana kwamba ni mgeni, ilhali Ibara ya 39 inampa haki ya kuingia nchini mwake.

La mwisho ni zito. Ndoa ikivunjika kule, mzazi mmoja hushawishika kuwachukua watoto na kurudi nao Lamu bila ya mwenziwe kujua. Marekani huliita hilo kosa la jinai tangu 1993, na kifungo chake hufika miaka mitatu. Kenya haimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 unaorudisha watoto haraka, kwa hiyo aliyeachwa Minneapolis itambidi afungue kesi huku, mbele ya mahakama ya watoto, ambako Ibara ya 53 inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Kesi hiyo yaweza kwenda miaka. Mwenye hofu asingoje: kule aombe amri ya mahakama inayozuia mtoto kutolewa nchini, huku aombe amri kama hiyo katika mahakama ya Lamu, na nakala yake aipeleke mwenyewe Idara ya Uhamiaji, apewe muhuri wa kupokelewa.